Makosa ya Prosesa na Wakati wa Kuyakiri

Tarehe 24 Julai 2024, siku saba kabla ya siku iliyotangazwa, kampuni ya AMD ya Marekani iliahirisha kutoa prosesa zake mpya za jamii ya Ryzen 9000. Shehena za kwanza zilikwisha kupelekwa kwa wauzaji. Jack Huynh, mmoja wa wakuu wa kampuni, alieleza kwamba bidhaa hizo za awali hazikufikia kiwango kamili cha ubora kilichotarajiwa, kwa hiyo zingerudishwa na nyingine kupelekwa mahali pake. Mnunuzi hakuombwa kitu ila subira ya wiki moja au mbili. Ilikuwa habari ndogo, na wengi waliisoma wakaipita. Lakini nyuma yake ilikuwako miaka 30 ya aibu, gharama na mabishano.

Prosesa ni kile kipande cha silikoni kifanyacho hesabu zote za kompyuta. Kitabu kilichopigwa chapa vibaya huweza kutiwa karatasi ya masahihisho. Silikoni haina karatasi hiyo. Mara nyingine programu yaweza kulizunguka kosa, aghalabu kwa kupunguza kasi, lakini kosa lenyewe hubaki pale lilipochorwa.

Kisa kilichowafundisha watu haya ni cha mwaka 1994. Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Lynchburg, Virginia, alikuwa akichunguza namba tasa pacha, yaani zile zipishanazo kwa 2, kama 11 na 13. Alijumlisha sehemu ambazo kiasi chake ni 1 na asili yake ni namba hizo. Sidhani kama yuko mfanyabiashara ambaye angelipa hata senti moja kwa kazi ya namna hiyo. Mwezi wa Juni jumla zake zilikataa kupatana. Kwa muda wa miezi alijishuku mwenyewe kwanza, kisha programu yake, kisha sehemu nyingine za mashine, mpaka asibakiwe na mshukiwa ila prosesa ya Pentium ya kampuni ya Intel. Tarehe 30 Oktoba aliwaandikia wenzake habari hiyo, nayo ikaenea.

Sababu yake ilikuwa nyepesi mno. Mwanafunzi agawanyaye namba ndefu hukisia kila tarakimu kwa kutazama jedwali lililo nyuma ya daftari yake. Pentium nayo ilikuwa na jedwali, lenye vyumba 1,066 vilivyopasa kujazwa. Vitano vikaachwa vitupu. Ukigawanya 4,195,835 kwa 3,145,727, jibu ni 1.33382; Pentium ilitoa 1.33374. Ukilizidisha tena jibu hilo kwa 3,145,727, na kulitoa katika namba ya kwanza, ulipaswa kupata sifuri. Mashine ilikupa 256.

Hata hivyo si vyumba vitano vilivyoiumiza Intel. Kampuni ilikwisha kuliona kosa katikati ya mwaka huo, ikaanza kulisahihisha katika matoleo ya baadaye, na wanunuzi wasiambiwe. Siri ilipofichuka, ilikubali kumbadilishia prosesa yule tu awezaye kuonyesha kwamba kazi yake yahitaji usahihi huo. Ilidai kwamba mtu wa kawaida angelikuta kosa mara moja katika miaka 27,000. IBM ilipiga hesabu yake ikapata siku 24, na tarehe 12 Desemba ikaacha kupeleka kompyuta zenye Pentium hiyo. (IBM nayo ilikuwa na prosesa zake za kuuza, basi msomaji asiipokee hesabu hiyo kama ya malaika.) Tarehe 20 Desemba Intel ilisalimu amri: atakaye, abadilishiwe bila kuulizwa. Gharama ilikuwa dola milioni 475.

Mimi siamini kwamba miaka 27,000 ilikuwa uongo mtupu. Karani aandikaye barua huenda asingelikutana na kosa lile maisha yake yote. Kilichowaudhi watu ni muuzaji kujifanya hakimu wa nani astahili jibu sahihi na nani lamtosha la kukaribia.

Miaka sita baadaye ushindani ulileta kosa la namna nyingine. Machi 2000, AMD ilitangulia kwa siku mbili tu kutangaza prosesa ya mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Intel, isiyozoea kuwa ya pili, ilitoa tarehe 31 Julai Pentium III ya mapigo bilioni 1.13. Wapimaji wa magazeti ya kompyuta waliipa kazi ya kutafsiri msimbo wa Linux, ikashindwa kuimaliza. Tarehe 28 Agosti ikarudishwa kiwandani. Safari hii ukimya haukufika hata mwezi mmoja.

AMD nayo haikusalimika: prosesa yake ya viini vinne iliyotolewa Septemba 2007, iitwayo Barcelona, ilikutwa na kosa, na wateja wengi wakangoja mpaka mwaka uliofuata kupata toleo lililosahihishwa.

Basi turudi Julai 2024. Siku mbili kabla ya tangazo la AMD, Intel ilieleza kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14, zilizokwisha kuwa majumbani mwa watu, zilikuwa zikipokea umeme wa nguvu iliyozidi kiasi. Haikuziita zirudi, ilitoa programu ya kuzuia dhara, na mwezi uliofuata ikaongeza miaka miwili ya dhamana. Lakini prosesa iliyokwisha kudhurika haikuponywa na programu hiyo. Za AMD zilirudi zikiwa bado ndani ya maboksi yao. Mbili zilitoka tarehe 8 Agosti na mbili tarehe 15, na hapo wapimaji wakaanza kulalamika kwamba katika michezo kasi yake haikuzipita sana zile zilizotangulia.