Sakoshi na Shanga za Vitu Vilivyotupwa: Kazi Mpya Yenye Mizizi ya Zamani

Katika kurasa za namna hii tumezoea kusoma juu ya mahari ya mbuzi, kilimo cha milimani na mashauri ya wazee katika kyaghanda. Safari hii tunaleta habari ambayo wengine watasema si desturi hata kidogo. Ni kazi ya wamama na vijana wa Butembo na Beni wanaoshona sakoshi kwa magunia ya mchele, wanaosuka vikapu kwa mikanda ya plastiki, na wanaotengeneza shanga kwa karatasi za kalenda ya mwaka uliopita. Wengi wanadhani kazi hiyo ililetwa na mashirika, tena jina lake, resiklaje, ni la Wazungu. Sisi tunaona vingine. Jina ni geni, lakini kazi ni ya hapa kwetu. Na tukisahau hilo tutaipoteza, kwa sababu kitu kinachohesabiwa kuwa cha mradi hufa siku ile mradi unapokwisha.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya vitambaa vya dukani kufika, watu wa sehemu hizi walivaa ngozi na magome ya miti yaliyopondwa mpaka yakalainika. Jirani zetu Wambuti wa msitu wa Ituri wanajulikana mpaka ng'ambo kwa vitambaa hivyo: wanaume walikuwa wakiponda gome, wanawake wakichora juu yake kwa rangi za mimea. Hakuna aliyesema gome ni takataka ya mti. Kazi ya mkono ndiyo iliyolipa thamani.

Mfano mwingine ni mkubwa zaidi. Upande wa kusini, magharibi ya Ziwa Kivu, Watembo (tusiwachanganye na mji wetu wa Butembo, ni kabila lingine) walikuwa wakisuka bangili za nyuzi za mimea ya msituni, zinazoitwa butega. Wanawake walizivaa miguuni. Katika karne ya 19 bangili hizo zilienea katika masoko ya pande zote za ziwa, hata zikawa feza: mtu alinunua nazo chakula, jembe, mbuzi. Angalieni jambo hilo vizuri. Pambo lililosukwa kwa mmea wa msituni lilikuwa na nguvu ya kununua mbuzi, na haikuwa juu ya huruma ya mtu kutoka mbali. Lilikuwa na nguvu juu ya jirani alilitaka, na jirani wa jirani vilevile. Baadaye sarafu za wakoloni ziliondoa butega sokoni.

Wakati wa ukoloni vitu vya kutumia tena vilibadilika. Mji wa Butembo ulianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1920 pamoja na kampuni ya madini MGL, na maduka yakafuata. Bati, chupa, waya na mipira ya magari viliingia. Mkebe wa maziwa uligeuka koroboi ya kuangazia nyumba, na ikumbukwe kwamba Butembo ilikaa miaka mingi sana bila umeme wa serikali. Mpira wa gari uliochakaa ulikatwa ukawa viatu. Bati la mafuta likawa mbabula. Kahawa ilipoleta feza, gunia la juti halikutupwa: lilitandikwa, lilianikiwa mihogo, lilifunika mlango. Mafundi hao hawakuitwa wasanii. Waliitwa mafundi tu, na watu waliwalipa.

Halafu zikaja shida za taifa. Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973 Mobutu alitangaza zairianizasio, na maduka na mashamba ya wageni yakagawiwa. Miaka iliyofuata bidhaa zikapungua, feza ikapoteza nguvu, na mwaka 1991 na 1993 miji mikubwa ya Zaire iliporwa na askari. Hapo Butembo ilishika njia yake. Wafanyabiashara wetu walikuwa wameshajifunza kupita Kasindi, kuvuka Uganda, kufika bandari ya Mombasa, na kutoka huko kuagiza mali Dubai, Hong Kong, Indonesia na China. Makontena yakapanda milima mpaka kwetu.

Hapa ndipo tunataka msomaji asimame kidogo. Kontena halileti mali tu, linaleta pia vifungio vyake. Magunia ya mchele ya plastiki iliyosukwa, mikanda migumu inayofunga makatoni, nailoni, kalenda za matangazo, na vipande vya vitenge vinavyobaki chini ya mashini za washonaji: hivyo vyote ni watoto wa biashara ile ile iliyojenga nyumba za ghorofa za Butembo. Tajiri alichukua mali, ufungio ukabaki barabarani na kwenye mitaro. Mama aliyeokota ule ufungio na kushona sakoshi, naye pia ni mfanyabiashara wa Butembo. Ameshika tu mwisho mwingine wa kamba ile ile.

Kazi yenyewe si mchezo. Gunia linafumuliwa uzi, linafuliwa kwa sabuni, linaanikwa kivulini, kwa sababu jua kali linaharibu nyuzi za plastiki. Likikatwa, ukingo wake unafumuka. Kwa hiyo fundi anaupitisha karibu na moto wa mshumaa ili ushikane, ndipo anakunja na kushona. Ndani anaweka kitenge, na zipu anaitoa kwa koti la mitumba lililokwisha. Shanga za karatasi nazo zina akili yake: karatasi inakatwa pembetatu ndefu, inaviringishwa kwenye sindano kuanzia upande mpana, ncha inabandikwa kwa gundi, kisha inapakwa verni mara kadhaa na kukaushwa. Ukivuta vibaya, shanga inakaa upande. Ukiharakisha verni, inanata shingoni mwa mteja, na mteja huyo harudi.

Kwa nini kazi hii imeongezeka katika miaka hii? Jibu linauma. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 mauaji yamefululiza katika eneo la Beni, na watu wa vijiji wamekimbilia Oicha, Beni mjini na Butembo. Toka mwezi wa 8 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,280 katika Kivu ya Kaskazini na sehemu za jirani. Sisi ni watu wa shamba. Mtu aliyeacha kakao yake na migomba yake huko Mbau au Eringeti amepoteza vyote. Lakini makasi, sindano na kipande cha gunia havihitaji shamba. Ndiyo maana msichana aliyekatishwa masomo na mjane aliyekimbia wanakutana kwenye mkeka mmoja. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sasa tufike kwenye swali gumu: nani ananunua? Mara nyingi mnunuzi ni mgeni wa shirika, na bei yake imechanganyika na huruma. Mgeni huja na gari la mradi, na huondoka nalo. Tena njia zetu si za kutegemea: M23 ilipoingia Goma mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na soko kubwa la jimbo likawa mbali kuliko Kampala.

Kampala yenyewe ina funzo. Tangu mwaka 2004 shirika la BeadforLife liliuza Marekani shanga za karatasi za wanawake wa huko, wengi wao Waacholi waliokimbia vita ya kaskazini ya Uganda na kuponda mawe kwa kuishi. Shanga zililisha nyumba nyingi. Lakini shirika hilo hilo lilianzisha baadaye Street Business School, mafunzo ya kumwezesha mwanamke kufungua biashara ndogo inayouza kwa jirani zake. Ni hekima. Mteja wa mbali anafungua mlango, lakini mteja wa mtaani ndiye anayeuzuia usifungwe.

Na mteja wa mtaani yuko. Serikali ya Kongo ilikataza mifuko na sashe za plastiki kwa dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2017, lakini sashe zingali zinaziba mitaro yetu kila mvua. Mtu anayekwenda sokoni anahitaji kitu cha kubebea. Mtoto wa shule anahitaji mfuko wa madaftari. Bibi harusi anahitaji shanga za rangi ya kitenge chake. Mbona mifuko hiyo tunaiagiza China, na gunia lililoifunga tunalitupa?

Sisi tunasema hivi: kazi hii ihesabiwe pamoja na kusuka, kufinyanga na kufua chuma. Shule za ushonaji ziifundishe pamoja na hesabu ya bei, yaani uzi, gundi, verni na siku za kazi vyote viingie katika hesabu. Mafundi nao wasiuzishe kazi mbaya kwa jina la umaskini. Na sisi wanunuzi, tukifika mezani kwa mama yule, tusimpe feza kama sadaka. Tushike sakoshi, tuvute mshono, tujaribu zipu, tubishane bei kama watu wa Butembo wanavyobishana. Ikiwa nzuri, tununue, twende nayo sokoni.