Wachoraji walioambiwa wasinakili

Ulaya, njia kongwe ya kujifunza rangi za mafuta ni kunakili. Makumbusho ya Louvre yalipofunguliwa Paris mwaka 1793, wanafunzi waliruhusiwa kukaa mbele ya sura zilizochorwa na mabingwa na kuzichora upya, tabaka baada ya tabaka. Huku kwetu walimu waliufunga mlango huo.

Margaret Trowell, Mwingereza aliyesoma shule ya Slade mjini London, alianza kufundisha uchoraji Makerere mwaka 1937. Hakuwawekea wanafunzi picha za Ulaya. Aliwasimulia kisa, nao wakachora walivyokiwazia. Alihofia wangeishia kuiga Wazungu.

Msumbiji nako ikawa vivyo hivyo. Malangatana Ngwenya alizaliwa 1936 kijijini Matalana, kusini kabisa mwa nchi. Akiwa mwokota mipira katika klabu ya tenisi ya Lourenço Marques, Maputo ya leo, alimwomba mwanachama mmoja, Augusto Cabral, amfundishe. Cabral alimpa rangi, brashi na vibao, akamwambia achore yaliyomo kichwani mwake. Msanifu majengo Pancho Guedes akampa gereji yake iwe karakana, akawa ananunua picha zake. Mwaka 1961 Malangatana akafanya maonyesho yake binafsi ya kwanza: macho makubwa, meno, miili iliyosongamana hadi ukingoni mwa ubao.

Katazo hilo lilizaa matunda. Lakini je, kuona kazi za wengine kungewaharibu? Sam Ntiro, mwanafunzi wa Trowell kutoka Kilimanjaro, alisoma Slade kuanzia 1952 hadi 1955, akarudi akichora migomba na shughuli za Wachaga kwa mtindo wake uleule. Cecil Todd alipompokea Trowell kijiti mwaka 1958, alianza kufundisha historia ya sanaa ya dunia.

Elimo Njau naye, aliyeanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alitangaza kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Hata hivyo, mwaka 1959 alikuwa ameshachora kanisani Murang'a kuzaliwa, karamu ya mwisho na kusulubiwa kwa Yesu, mada ambazo Ulaya ilizirudia kwa karne nyingi. Yesu wake ni mweusi, na mandhari ni ya Wakikuyu. Njau alikataa kunakili akiijua mada, na uamuzi ulikuwa wake.