Je, Yafaa Wafungwa Wafanyizwe Kazi Ngumu?

Wasikilizaji wetu, liko swali moja ambalo huzuka mara kwa mara penye mazungumzo ya jioni, na likizuka haliishi upesi. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyehukumiwa kifungo, je, yafaa alazimishwe kufanya kazi ngumu, au yatosha kwamba amenyang'anywa uhuru wake? Mmoja husema, "Mimi naamka alfajiri, nalima hata jua likawa kali, nami sikumwibia mtu. Je, mwizi wa mahindi yangu akae kivulini na kula unga wa kodi yangu?" Mwingine humjibu, "Mtu huyo amekwisha kufungwa. Ukimtwika mzigo juu ya kifungo, umemwadhibu mara mbili." Wote wawili wana jambo la haki katika maneno yao. Kwa hiyo hatutaki kuamua kwa hasira wala kwa huruma tupu, bali twataka kwanza kuyatazama mambo yaliyokwisha kutendeka.

Tuanze Mishamo, katika mkoa wa Katavi, kwa sababu huko twapata mfano wa kazi ngumu ambayo haikuwa adhabu. Kabla ya mwaka 1978 mahali hapo palikuwa pori kubwa la miombo, na wakazi wake walikuwa wachache. Mwaka huo Serikali ya Tanzania, ikisaidiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi pamoja na shirika la Kikristo la TCRS, ilianza kuwahamishia huko watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Wengi walitoka Ulyankulu, katika mkoa wa Tabora, ambako watu walikuwa wamezidi na maji hayakutosha. Kila jamaa walipewa hektari 5 za msitu, yaani kama ekari 12. Wakakata miti kwa shoka, wakang'oa visiki, wakajenga nyumba zao. Vikatokea vijiji 16, na mashamba ya mahindi, maharagwe, mihogo na tumbaku. Hata ulipofika mwaka 1985 wale waliosaidia waliukabidhi usimamizi wa makazi hayo kwa Serikali.

Kazi ile haikuwa nyepesi kuliko kazi ya gereza. Walakini aliyekata mti alijua kwamba mahindi yatakayoota mahali pake yatakuwa chakula chake na cha wanawe. Lakini tusiseme nusu ya habari. Siku zile mkimbizi hakuwa na ruhusa ya kutoka katika makazi bila cheti. Tena Bibi Liisa Malkki, mtaalamu aliyekaa Mishamo katika miaka ya 1985 na 1986, aliandika kwamba alisikia watu wakilalamika kuwa nguvu zao zatumiwa kwa faida ya wengine. Watu waliogeuza msitu ukawa mashamba hawawezi kuitwa wavivu. Basi hawakulalamika kwa kulichukia jembe, walikuwa wakiuliza, "Jembe hili namlimia nani?" Swali hilo ndilo tutakalolichukua katika safari yetu yote, maana lafaa kuulizwa hata mlangoni pa gereza.

Hapo kale, katika makabila mengi ya nchi zetu, hapakuwa na nyumba ya kumfungia mtu kwa miaka. Aliyekosa alilipa fidia, kwa ng'ombe au mbuzi au mali nyingine, na malipo yake yalimfikia yule aliyedhulumiwa. Tusiipambe zamani kupita kiasi, kwa sababu wako waliouzwa utumwani kwa ajili ya deni au kosa. Hata hivyo desturi ya fidia ilikuwa na jambo moja jema: aliyevunja alitengeneza, na aliyevunjiwa aliona kwamba kimetengenezwa.

Walipokuja Wadachi mambo yaligeuka. Wafungwa walitiwa minyororo shingoni, watu kadhaa katika mnyororo mmoja, wakapelekwa kutengeneza barabara, kujenga na kuchukua mizigo. Adhabu ya viboko 25 ilijulikana pwani yote kwa jina la hamsa ishirini. Kazi za Serikali zilikuwa nyingi na watu wa kuzifanya kwa hiari walikuwa wachache; kwa hiyo mfungwa alikuwa mtu wa kuadhibiwa, na papo hapo alikuwa mtu wa kazi asiyedai mshahara. Mambo hayo mawili yakikaa pamoja, ni vigumu kujua ni lipi linalotangulia.

Waingereza waliofuata waliiacha ile minyororo ya shingo, wakaandika sheria nyingi. Tarehe 25 Agosti 1931 idara ya magereza ilitengwa na polisi, ikawa na mambo yake yenyewe. Lakini katika miaka hiyo kodi ilidaiwa kwa fedha, na asiyekuwa na fedha aliweza kuamriwa kuifanyia Serikali kazi mpaka deni lake liishe, wengine walifungwa. Mtu wa namna hiyo hakuiba wala hakumpiga mtu, ila alikosa shilingi. Alipobeba mawe barabarani pamoja na mwizi, mtoto aliyewatazama hakuweza kuwapambanua.

Ni vema tujue kwamba katika Uingereza kwenyewe watu walibishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1818 fundi mmoja, William Cubitt, alibuni gurudumu kubwa lenye vidato, ambalo wafungwa walilizungusha kwa kulikanyaga saa nyingi, kama watu wapandao ngazi isiyo na mwisho. Katika magereza mengine gurudumu hilo halikusaga nafaka wala kuvuta maji. Lilizunguka bure, ili mfungwa achoke tu. Waliolipenda walisema kwamba litawatia wabaya hofu. Lakini wezi hawakwisha, na mtu alitoka gerezani amejifunza kukanyaga tu. Sheria ya mwaka 1898 iliyaondoa magurudumu hayo, na sheria ya mwaka 1948 ikaifuta kabisa hukumu ya kazi ngumu katika Uingereza.

Mwaka 1930, mjini Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilifanya mapatano ya kupinga kazi ya kulazimishwa. Mapatano hayo hayakukataza kazi ya mfungwa, ila yaliiwekea masharti: kwanza, awe amehukumiwa na mahakama, pili, kazi yake isimamiwe na wakuu wa Serikali, tatu, asikabidhiwe kwa mtu binafsi wala kampuni kama mtu wa kukodishwa.

Kwa nini sharti la tatu? Tutazame Marekani. Utumwa ulipokomeshwa huko mwaka 1865, sheria iliacha mlango mmoja wazi: kazi ya kulazimishwa iliruhusiwa kuwa adhabu ya kosa. Katika majimbo ya kusini wafungwa, ambao wengi wao walikuwa watu weusi, wakakodishwa kwa wenye mashamba, migodi na reli. Kosa dogo kama kuzurura bila kazi likawa sababu ya kumfunga mtu, maana kila aliyefungwa alileta fedha. Jimbo la Alabama liliacha desturi hiyo mwaka 1928, likiwa la mwisho. Hapo twaona kwamba jela ikiwa duka, hakimu hukaribia kuwa mchuuzi.

Na kwa nini sharti la kwanza? Mfano wake u karibu nasi, katika Kenya. Wakati wa vita vya Mau Mau maelfu ya watu waliwekwa kizuizini pasipo kuhukumiwa na mahakama. Nguvu za waliofungwa na kuzuiliwa siku hizo zilichimba mifereji ya mashamba ya mpunga ya Mwea, zikajenga na uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, wazuiliwa 85 walipelekwa kazini kwa nguvu. Walipokataa, walipigwa, na watu 11 wakafa. Kwanza ilitangazwa kwamba wamekufa kwa sababu ya maji waliyokunywa. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba waliuawa kwa kipigo. Habari hiyo ilileta mashindano makali katika Bunge la Uingereza. Haikuwa kazi yenyewe iliyowaua watu wale. Waliuawa na fikira ya kwamba mtu aweza kulazimishwa kukiri kosa kwa njia ya jembe.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania ilipokwisha kujitawala haikuiacha kazi ya wafungwa. Sheria ya Magereza ilitungwa mwaka 1967. Mwaka 1974 likaundwa shirika la uzalishaji mali la magereza, na mpaka leo wafungwa hulima, hufuga, hufanya useremala na kushona viatu. Katika mkoa wa Katavi wenyewe liko gereza la Kalilankulukulu, ambalo ni gereza la kilimo. Katiba nayo, katika ibara ya 25, yakataza kazi ya shokoa, ila haihesabu kuwa shokoa kazi inayofanywa kutimiza hukumu ya mahakama. Mwezi wa Julai 2018 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba ni aibu kwa Serikali kuendelea kuwalisha wafungwa, na kwamba walime wajilishe. Wengi walimshangilia, na wengine wakaogopa kwamba ukali utazidi. Basi mabishano yale ya jioni yalifika hata kwa wakubwa wa nchi.

Upande wa pili, mwaka 2002 ilitungwa sheria ya huduma kwa jamii, ambayo kwayo mtu aliyestahili kifungo kisichozidi miaka 3 aweza kuamriwa kufanya kazi ya umma bila malipo, naye akilala nyumbani kwake. Kazi hiyo inafanana na ile fidia ya kale, kwa kuwa mkosaji hutengeneza kitu mbele ya macho ya wale aliowakosea.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulizitengeneza upya kanuni za kuwatunza wafungwa, ukaziita kwa jina la Nelson Mandela. Jina hilo halikuchaguliwa ovyo. Mandela alikaa miaka 18 katika kisiwa cha Robben, akachimba chokaa juani mpaka macho yake yakaharibika. Kanuni hizo hazisemi kwamba mfungwa akae bure. Zasema kwamba apate kazi, lakini kazi isiwe ya kumtesa. Imfundishe kupata riziki ya halali, naye apewe malipo ya haki.

Basi sisi twaonaje? Twaona kwamba mfungwa afanye kazi, na kazi ya jasho. Kukaa bure kwaharibu mwili na akili, wala si haki mkulima amlishe mtu mzima mwenye nguvu zake. Lakini kabla ya kuisifu kazi ya gereza lo lote, tuulize mambo matatu. Je, mtu huyu alihukumiwa na mahakama? Je, mavuno ya kazi yake yanakwenda wapi, katika ghala ya umma au mfukoni mwa mtu? Na siku atakapotoka, atatoka na nini mikononi mwake? Jibu la swali moja likiwa baya, hiyo si adhabu tena, bali ni shokoa iliyovikwa nguo ya sheria.

Huyu mkulima wa Mishamo aliyeibiwa mahindi ana haki ya kukasirika. Lakini na afikiri kidogo juu ya siku ile mwizi wake atakaporudi kijijini. Akirudi baada ya kubeba mawe tu na kupigwa, atarudi na nguvu zile zile na hasira mpya, na shamba lililo karibu ni lile lile. Akirudi anajua kuseremala au kulima vizuri, na ana akiba kidogo ya kuanzia, mkulima atalala usingizi. Wahenga walisema, "Kazi mbaya si mchezo mwema." Sisi twaongeza kwamba msitu wa Mishamo uligeuka mashamba kwa watu waliojua wanamlimia nani. Mfungwa naye afundishwe kulima, na aonyeshwe shamba lake la kesho.