Sinema ya bure, sinema ya ghali: hesabu ya familia ya Nyangwe

Kabla ya sinema, matembezi ya familia Nyangwe yalikuwa soko. David Livingstone, aliyefika hapa ukingoni mwa Lualaba mwaka 1871, aliona maelfu wakikusanyika siku ya soko, wengi wao wanawake, na samaki zao, vyungu, mawese na kuku. Akatambua kwamba kubishania bei na kutaniana kulikuwa raha yenyewe. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa misafara ya biashara ya watumwa na pembe walilifyatulia risasi soko hilo. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni. Hata hivyo mpelelezi Stanley alipopita mwaka 1876 alikuta watu wamesharudi kuuza na kununua.

Sinema ilikuja baadaye kidogo. Tarehe 28 Desemba 1895, zaidi ya miaka miwili baada ya jeshi la ofisa Mbelgiji Dhanis kuiteka Nyangwe, ndugu Lumière walionyesha filamu zao Paris kwa kiingilio cha franka moja. Bei ndogo ndiyo iliyoifanya sinema kuwa starehe ya watu wa kawaida karibu kila mahali. Kongo ya Wabelgiji ilikwenda njia nyingine. Amri ya mwaka 1945 ilikataza mtu asiye Mzungu wala Mwasia kuingia sinema, ila kwa filamu zilizopitishwa na tume ya ukaguzi. Watawala waliogopa kwamba Mwafrika akishamwona Mzungu akiiba, akipigwa makofi au akibusu hadharani, heshima itapungua. Kwa hiyo mfanyakazi wa migodi ya bati ya Maniema, mwenye mshahara mfukoni, mke na watoto, hakuwa na ruhusa ya kununua kiti na kuchagua filamu yake.

Alichopewa ni sinema ya bure. Magari ya serikali na mapadre walizunguka na mashine, jenereta na kitambaa cheupe, jioni kijiji kizima kikaketi chini. Filamu zilifundisha usafi, kilimo, utii na dini. Nyingine zilichekesha: padre Albert Van Haelst wa Kasai aliwatengenezea watazamaji wa miaka ya 1950 visa vya Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba, kwa kuiga wachekeshaji Laurel na Hardy. Kando ya kitambaa alisimama msemaji akieleza kwa lugha ya watu kinachoendelea na, zaidi, kinachopaswa kueleweka. Tukumbuke hapa ni Nyangwe na jirani yake Kasongo, kitovu cha Uislamu wa Kongo. Familia nyingi zilizofurahia zilikuwa za Waislamu, na kitambaa kilikuwa cha padre.

Linganisheni na Zanzibar, mwisho wa ile njia ya misafara iliyoleta Kiswahili huku kwetu. Huko mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla alifungua Royal Theatre mwaka 1921, baadaye ikaitwa Majestic. Mchukuzi alilipa sarafu chache akaketi mbele, tajiri akalipa zaidi. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na siku za Idi watoto walikwenda na fedha walizopewa na wajomba. Dar es Salaam nayo ilipata sinema ya magari mwaka 1966. Familia zilibeba chakula na kufanya usiku mzima kuwa sherehe. Wakoloni wa pwani nao walikagua filamu, wala hawakuwa wapole. Lakini mlango ulikuwa wazi kwa mwenye sarafu.

Uhuru wa 1960 ulifungua milango ya Kongo pia, ila majumba yalikuwa mijini, mengi mikononi mwa wageni. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza biashara za wageni zikabidhiwe Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Wengi waliokabidhiwa hawakuwa na mtaji wala ujuzi, fedha ikaporomoka, video ikaingia, na mengi ya majumba ya Kinshasa yakageuka makanisa.

Leo baba wa Nyangwe anayetaka kuwapeleka wanawe sinema ya kweli ahesabu kwanza pikipiki, kivuko, lori, vizuizi vya barabarani na malazi. Tiketi ni ya mwisho. Kilichobaki karibu ni kibanda cha video, kinachoendeshwa kwa esansi iliyopanda bei kila ilipopita. Kwa kichwa kimoja kiingilio ni kidogo. Kwa watu wanane ni unga wa nyumba. Ndiyo maana utawakuta vijana wa kiume tu, na mimi sioni kwamba ni mila inayowazuia mama na mabinti. Ni hesabu, na benchi chafu.

Kitu kimoja kimerudi: msemaji. Kenya ina DJ Afro, Tanzania ilikuwa na Lufufu, wakizitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili chenye mizaha na maneno ambayo mwigizaji hakuyasema kamwe. Hawa hulipwa na watazamaji, si na misheni, na ukimchoka mmoja unamtafuta mwingine. Filamu zao huuzwa kwa kunakiliwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, na familia huzitazama nyumbani: watoto watano, kioo kimoja, wakigombania nani aishike simu na nani alipie chaji.