Upimaji wa ADHD kwa watu wazima (Hamugembe, Kagera)

Upimaji wa ADHD kwa watu wazima ni uchunguzi wa kitabibu wa kujua kama mtu aliyekwisha kuvuka utoto ana tatizo la ukuaji wa ubongo linaloonekana kwa kukosa umakini, kutotulia na kutenda kwa pupa kuliko kawaida ya umri wake. Hakuna kipimo cha damu, mkojo wala picha ya ubongo kinachothibitisha tatizo hili. Kinachopimwa ni maisha yenyewe, kuanzia shule ya msingi hadi siku mtu alipoingia chumba cha daktari. Kwa mkazi wa Hamugembe, kata ya Manispaa ya Bukoba, hapo ndipo ugumu ulipo, maana maisha hayo yanahitaji shahidi, na katika Kagera mashahidi wengi wamekwisha kuzikwa.

Jina

Kiswahili hakijakubaliana jina moja. Madaktari hutumia kifupi ADHD na kukisoma herufi moja moja. Maandishi ya afya hutaja upungufu wa umakini na utulivu, au maelezo marefu zaidi ya hayo. Mtaani kuna maneno ya siku nyingi: mtoto ana mapepe, mtu mzima hajatulia, ni msahaulifu, ni mzembe, ukimweleza jambo akili yake haipo. Maneno hayo ni mtaji kwa mpimaji. Bibi akiulizwa kama mjukuu wake alikuwa na ADHD atamtazama tu muulizaji; akiulizwa kama alikuwa na mapepe, ataanza na siku alipovunja mtungi na hatamaliza hadi jua lizame. Tahadhari ni moja: kwa msichana neno hilohilo huweza kuchukuliwa kuwa ni tuhuma ya uhuni, na muulizaji asiyejua hilo atafunga mdomo wa familia nzima.

Vigezo

Daktari George Still wa London alieleza watoto wa namna hii katika mihadhara yake ya mwaka 1902, na kwa miongo mingi iliaminika kwamba mtoto akibalehe tatizo humwisha. Paul Wender na wenzake wa Utah, Marekani, walianza kulipinga wazo hilo miaka ya 1970, na mwaka 1993 walichapisha dodoso la maswali 61 la kumrudisha mtu mzima kwenye kumbukumbu za utoto wake. Leo tafiti za kimataifa hukadiria kwamba watu wazima kama 2 hadi 3 kati ya 100 wanalo.

Mwongozo wa Marekani wa DSM-5, uliotoka mwaka 2013, una dalili 9 za kukosa umakini na 9 za kutotulia na pupa. Mtoto huhitaji dalili 6 za upande mmoja; mwenye miaka 17 au zaidi huhitaji 5. Dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, baadhi ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, ziwe zinaharibu kazi, masomo au uhusiano, na zisielezeke vizuri zaidi kwa ugonjwa mwingine. Toleo la mwaka 1994 lilitaka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 7. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, haihesabu dalili. Inamwachia daktari aamue kama zinatosha.

Kigezo cha mazingira mawili kiliandikwa na watu wanaotoka nyumbani asubuhi kwenda ofisini. Mkulima wa wilaya ya Muleba, hukohuko Kagera, anayeamka, kulala na kufanya kazi katika kibanja kilekile cha migomba na kahawa ana mazingira mangapi? Mpimaji makini humtafutia mengine: kanisani au msikitini, sokoni, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, msibani. Hoja ni kujua kama tatizo linamfuata kila aendako. Mtu anayepotewa na mambo mbele ya mkwe mmoja tu ana shida na mkwe.

Dodoso na maswali yake

Dodoso linalotumika zaidi ni ASRS, lililotengenezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na timu ya Ronald Kessler na kuchapishwa mwaka 2005. Lina maswali 18, na 6 ya mwanzo ndiyo ya kuchuja. Mtu akifikisha majibu 4 kati ya hayo 6 katika eneo lenye kivuli, anastahili kuchunguzwa zaidi. Kuchunguzwa zaidi, basi. Dodoso la kuchuja ni kama wavu wa dagaa: huleta dagaa, na huleta pia vijiti na magugu. Utafiti wa Lukoye Atwoli na wenzake miongoni mwa wanafunzi wa chuo kikuu mjini Eldoret, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusu dalili zilizoripotiwa na wanafunzi wenyewe, na unapaswa kusomwa hivyo: unaonyesha nani wa kuitwa kwa mahojiano, hausemi nani mgonjwa.

Kutafsiri maneno ya dodoso hakutoshi, kwa sababu maswali yamebeba desturi za mahali yalikozaliwa. Swali la kusahau miadi humpita mtu ambaye hajawahi kuwa na shajara. Aulizwe kama husahau siku ya marejesho ya vikoba, au tarehe ya kliniki ya mtoto, hadi jirani amkumbushe. Swali la kushindwa kukaa kwenye mkutano liwe la ibada ya Jumapili au kikao cha harusi kinachovuka saa tatu usiku. La kujihisi kama unaendeshwa na mota humfikia dereva wa bodaboda bila shida, ila kwa wengine ni afadhali kuuliza kama mwili hukataa kupumzika hata kazi ikiisha. La kushindwa kumalizia sehemu ya mwisho ya kazi linafahamika kote: nyumba iliyoishia kwenye linta kwa miaka saba, ingawa hapo mpimaji atenganishe kukosa umakini na kukosa saruji.

Baada ya dodoso huja mahojiano. Mfano unaojulikana ni DIVA, ulioandaliwa Uholanzi na Sandra Kooij na wenzake, toleo la sasa likifuata DSM-5. Kila dalili huulizwa mara mbili, ya leo na ya utotoni, na mhojiwa hutakiwa kutoa mfano. Akijibu tu kwamba husahau sana, hajajibu kitu. Jibu ni lile lenye simu iliyoachwa kwenye kiti cha daladala mara ya tatu mwaka huu, mke aliyechoka, na mwajiri aliyemhamisha kutoka kwenye hesabu. Vipo pia vipimo vya kompyuta vinavyomtaka mtu abonyeze kitufe alama fulani ikitokea. Vinasaidia kidogo, na peke yake havitoshi popote.

Ushahidi wa utotoni

Bila utoto hakuna ADHD. Mtu aliyeanza kutawanyika akili akiwa na miaka 35 ana jambo jingine hadi ithibitike vinginevyo. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliowafuatilia watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, ulitikisa uwanja huu mwaka 2015: wengi wa waliofikisha vigezo vya dalili wakiwa na miaka 38 hawakuwa na tatizo hilo walipopimwa utotoni. Wataalamu bado wanabishana juu ya maana yake. Kilicho wazi ni kwamba kumbukumbu ya mtu juu yake mwenyewe haitoshi, na ndiyo maana daktari huomba aitwe mzazi, au iletwe ripoti ya shule.

Sasa rudi Hamugembe. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa Kagera, mwaka 1983. Uchunguzi wa kaya uliofanyika mkoani kati ya 1991 na 1994, katika kaya zaidi ya 900, ulikusudiwa hasa kujua vifo vya watu wazima vinaziachaje familia, na watafiti walirudi kuwatafuta watu walewale mwaka 2004 na 2010. Watoto wa miaka hiyo ndio watu wazima wanaoketi leo mbele ya daktari. Wengi walilelewa na bibi, wakahamia kwa shangazi, kisha kwa baba mdogo Mwanza au Kampala. Mlezi mmoja anamjua mtu kutoka miaka 4 hadi 8, mwingine kuanzia 13. Ile miaka ya kati, ambayo mwongozo unaitaka zaidi, inaweza kuwa haina mtu. Na makaratasi? Tetemeko la Septemba 10, 2016, la ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba Bukoba pamoja na masanduku yaliyokuwamo.

Hapo ushahidi huunganishwa vipande vipande. Kaka mkubwa hupigiwa simu. Jirani aliyesoma naye darasa la tatu huulizwa kama alikuwa akipoteza kalamu kila wiki. Mwalimu mstaafu ni shahidi mzuri na mbaya kwa wakati mmoja: darasa la watoto 80 humwachia kumbukumbu ya wale waliopanda madirishani, na humsahaulisha msichana aliyekaa kimya nyuma akiangalia mvua. Msichana huyo ndiye anayepotea zaidi katika takwimu za dunia nzima, kwa kuwa kukosa umakini bila fujo hakumsumbui mtu. Mara nyingi anakuja kujulikana akiwa mama, siku anapomleta mwanawe kwa daktari na kusikia akisomewa utoto wake mwenyewe. Tatizo hili hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Tafiti za mapacha hukadiria mchango wa urithi kuwa karibu asilimia 74.

Ukimya wa mlezi nao una tafsiri zake. Bibi aliyelea yatima wanane huenda akasema huyu hakuwa na shida yoyote, kwa sababu shida zake zilikuwa ndogo mbele ya nyingine. Ipo pia heshima: si watu wengi wanaotaka kumsema marehemu binti yao kwa kupitia mtoto wake. Maoni ya mwandishi wa makala hii ni kwamba mpimaji anayekataa kutoa jibu eti tu mzazi hayupo anawahukumu watu kwa msiba wao. Akusanye kilichopo, aandike wazi kiasi cha uhakika alichonacho, na amwite mtu tena baada ya miezi kadhaa.

Kuondoa sababu nyingine

Kagera ina historia yake ya madaktari waliolazimika kuuliza hiki si kitu gani, kabla ya kusema ni kitu gani. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hadi shule ilipofungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na hali ikaenea vijijini na kwenye shule nyingine. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika taarifa yake mwaka 1963, walitafuta kwanza maambukizi na sumu kwenye chakula. Baada ya kukosa vyote ndipo wakasema ni jambo la akili na jamii. Kashasha haikuwa ADHD, wala haikaribiani nayo. Ila utaratibu ni huohuo.

Kwa mtu mzima wa Bukoba orodha ya kuondoa ni ndefu. Usingizi mbovu na kukoroma huleta mchana wenye ukungu. Tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi humfanya mtu asitulie. Upungufu wa damu humchosha. Sonona na wasiwasi hula umakini. Ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia huja kwa vipindi, ilhali ADHD haina msimu. Kifafa cha kuduwaa sekunde chache hufanana sana na mtu aliyepotea mawazoni. Virusi vya Ukimwi vyenyewe huweza kugusa kumbukumbu. Rubisi na gongo huulizwa bila kuhukumu, pamoja na mwaka zilipoanza: je, fujo ilitangulia pombe au pombe ilitangulia fujo?

Malaria inahitaji neno la ziada. Muleba imekuwa uwanja wa utafiti wa vyandarua kwa sababu mbu wake walikuwa wamezoea dawa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Nchini Uganda, Robert Idro na wenzake wameonyesha kwamba watoto walionusurika malaria ya ubongo huweza kubaki na matatizo ya tabia na umakini. Kwa hiyo swali la kama uliwahi kulazwa na degedege ukiwa mdogo si la kupitisha muda. Vita navyo huacha alama: aliyekuwa na miaka 8 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwaka 1978 sasa amevuka miaka 50, na kushtuka kwake kwa kila mlio huenda kuna chanzo kingine kabisa.

Nani hupima

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na mabingwa, katika toleo lake la mwaka 2016, unaizungumzia ADHD kwenye sura ya watoto na vijana. Tabibu wa zahanati anayeufuata hana ukurasa wa mtu mzima wa kufungua. Mtu wa Hamugembe basi huanzia hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bukoba, na wa Muleba kwenye hospitali kama Rubya au Kagondo. Muuguzi wa afya ya akili anaweza kufanya mchujo na kukusanya historia, na kesi yenye utata hupelekwa Bugando, Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Upimaji wenyewe huchukua saa mbili hadi tatu, mara nyingi kwa siku mbili.

Dawa ni habari nyingine. Methilifenidati imo katika jedwali la pili la mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazodhibitiwa, na maombi ya kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa mwaka 2019 na 2021. Ndiyo maana daktari mwangalifu humwuliza mtu mapema anataka kulifanyia nini jibu atakalopewa. Wapo wanaotaka dawa, na wapo wanaotaka barua kwa mwajiri. Wengine hutaka kumpigia bibi simu, amwambie kwamba ule mtungi haukuvunjwa kwa makusudi.