Simu kuukuu zinazopanda Old Moshi: historia ya kuflashi

Kila Desemba, Wachagga wanaporudi kwao kula Krismasi, barabara inayochepuka Kiboriloni kuelekea Kidia na Tsuduni hupandisha mzigo ambao haumo kwenye buti la basi wala juu ya karia: simu zilizotumika. Mtoto wa Dar es Salaam amenunua mpya, ile ya zamani anamletea mama. Baada ya mwaka mama anampa mdogo wake, naye mdogo anampa kijana anayemaliza sekondari. Old Moshi ndiyo Moshi ya awali, ya watawala wake Mangi Rindi na Mangi Meli, kabla reli ya Tanga haijafika bondeni mwaka 1911 na mji ukaifuata pamoja na jina lake. Wenyeji wamezoea kuona kipya kikibaki mjini na kikuukuu kikipanda juu.

Shida ya urithi huu ni kwamba mwili wa simu hudumu kuliko programu yake. Betri itabadilishwa, kioo kitabadilishwa, tundu la chaji litachomelewa. Lakini siku WhatsApp inapogoma kufunguka kwa sababu Android ni ya zamani, hakuna duka linalouza kipuri hicho. Inabaki kuflashi: kufuta mfumo uliokuja na simu na kupandikiza mwingine. Ulaya na Marekani historia ya kazi hii husimuliwa kama habari za vijana wapenda kompyuta waliokuwa wakijifurahisha usiku. Kwetu imeandikwa kwenye vibanda vya mafundi, na aliyeisukuma ni mtu asiye na hela ya simu mpya.

Kuflashi kulitangulia Android. Mobitel ilianza huduma za simu za mkononi nchini mwaka 1994 (ndiyo hiyohiyo iliyokuja kuitwa Buzz, kisha Tigo, na sasa Yas), Vodacom ikafuata mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Nokia zilizoletwa kutoka Ulaya mara nyingi zilikuwa zimefungwa zisikubali laini ya mtandao mwingine. Fundi alikuwa na kompyuta nzito ya mezani, waya wenye meno ya kugusa chini ya betri, na boksi, kile kidude cha plastiki kilichokaa kati ya simu na kompyuta. Kazi yake ilikuwa na mpaka. Aliweza kufungua laini na kurudisha mfumo uleule wa Nokia pale simu ilipokufa. Kutengeneza mfumo wake mwenyewe hakuweza, kwa sababu Nokia haikumwonyesha mtu yeyote ulivyoandikwa.

Mpaka huo ulivunjwa na kazi iliyoanzia Helsinki mwaka 1991, mwanafunzi Linus Torvalds alipotangaza kuwa anaandika mfumo wa kompyuta na yeyote anaweza kuuchukua. Alichoandika ni keneli, yaani programu ya chini kabisa inayozungumza na vyuma: inawasha kioo, inagawa kumbukumbu, inaamua prosesa ikimbie au ipumue. Leseni aliyoiweka, GPL, inamtaka anayesambaza keneli hiyo, hata akiibadilisha, atoe na maandishi yake ya asili kwa anayempa. Watanzania hawakusubiri simu ili waonje uhuru huo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyogeuzwa kuwa ya Kiswahili kwa sababu tu hakukuwa na wa kuombwa ruhusa.

Google ilinunua kampuni changa ya Android mwaka 2005, ikaujenga mfumo wake juu ya keneli ya Linux, na Oktoba 2008 simu ya kwanza, G1 iliyotengenezwa na HTC, ikaingia madukani Marekani. Mfumo ulikuwa wazi, simu yenyewe haikuwa. Mwenye simu hakuruhusiwa kugusa sehemu za ndani.

Namna kufuli hilo lilivyofunguka inachekesha. Novemba mwaka huohuo kijana mmoja alikuwa akichati na mpenzi wake. Mpenzi akauliza mbona kimya. Kijana alikuwa ametoka kuizima simu na kuiwasha, akamjibu kwa neno moja la Kiingereza: reboot. Simu ikazimika na kujiwasha tena. Kumbe kila kilichoandikwa kwenye kibodi kilikuwa kikipelekwa pia, kimyakimya, kwenye dirisha la amri lenye mamlaka ya juu kabisa ndani ya simu. Google iliziba tundu hilo upesi, lakini waliowahi walikuwa wamekwisha kuingia. Mamlaka hayo ndiyo vijana wetu wanayoyatafuta leo wakisema wanaruti simu.

Miongoni mwa waliowahi alikuwamo mtu aliyejiita JesusFreke, aliyetoa romu za mwanzo za G1. Romu, kwa lugha ya kazi hii, ni mfumo mzima uliofungwa kwenye faili tayari kupandikizwa. Alipoacha mwaka 2009, uwanja ukabaki kwa Steve Kondik, aliyejulikana kama Cyanogen. Romu yake, CyanogenMod, ilivuta watu wengi hivi kwamba Septemba 2009 Google ikamwandikia barua ya kumtaka aache. Ugomvi haukuwa juu ya Android, iliyo wazi kwa wote. Ulikuwa juu ya Gmail, Ramani, YouTube na duka la programu, ambavyo ni mali ya Google. Wakapatana kwamba romu itolewe bila vitu hivyo, mwenye simu avirudishe mwenyewe. Anayeanza leo hukuta faili mbili, moja ya romu na nyingine ya programu za Google, akadhani ni usumbufu wa wataalamu. Ni masalia ya barua ile.

Afrika Mashariki iliingia kwenye mchezo huu mwaka 2011, Safaricom ya Kenya ilipoanza kuuza Huawei IDEOS kwa shilingi za Kenya zipatazo 8,000. Kioo cha inchi 2.8, Android 2.2, kumbukumbu ya megabaiti 256. Leo huwezi kumpa mtu simu hiyo akakushukuru, lakini wakati ule ilikuwa simu janja ya kwanza ambayo mwalimu au muuza duka angeweza kuifikiria. Na kwa kuwa iliuzwa kwingi duniani kwa bei ya chini, watu waliitengenezea CyanogenMod 7, yenye Android 2.3. IDEOS iliyopandikizwa romu hiyo ilivuta maisha miaka mingi kuliko mtengenezaji wake alivyokusudia, mpaka tarehe 1 Februari 2020, WhatsApp ilipoacha kufanya kazi kwenye Android 2.3.7 na zilizo chini yake. Novemba 2021 ikawa zamu ya Android 4.0. Hata kuflashi kuna ukomo, na mara nyingi anayeuweka hana hisa kwenye simu yako. Mlimani kwetu unaonekana wazi: Agosti 2022 kampuni ya simu ya TTCL ilifikisha intaneti ya kasi kambi ya Horombo, Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mtalii anarusha picha ya Kibo akiwa kambini, na bibi wa Kikarara, Old Moshi, mwenye Android 4.0 aliye chini yake hawezi kuipokea kwa WhatsApp.

Lakini zilizojaza vibanda kweli ni Tecno, baadaye Infinix na itel, zote za kampuni moja ya Kichina, Transsion. Nyingi za bei nafuu zilitumia prosesa za MediaTek, kama MT6572 na baadaye MT6580, na prosesa hizi zilibadilisha kazi ya fundi kuliko CyanogenMod ilivyowahi kufanya. Boksi la bei mbaya halikuhitajika tena. Ilitosha kompyuta, waya wa USB na programu ya bure iitwayo SP Flash Tool.

Itazame ikifanya kazi. Simu imezimwa. Fundi anafungua faili dogo la maandishi, scatter, linaloeleza kila sehemu ya mfumo inakaa wapi ndani ya kumbukumbu ya simu. Anabonyeza kitufe, ndipo anachomeka waya. Mstari mwekundu unakimbia chini ya dirisha, kompyuta na simu zikisalimiana. Unafuata wa njano, polepole, huo ndio mfumo unaoingia. Likitokea duara la kijani, kazi imekwisha. Umeme ukikatika kwenye mstari wa njano, simu haiwaki, ingawa kwa MediaTek mara nyingi unarudia tu upya na inafufuka. Ndiyo maana wanafunzi wengi wa kazi hii walijifunzia kwenye Tecno.

Romu zenyewe zilikuwa na kasoro ya kuzaliwa. GPL inadai maandishi ya keneli yatolewe, lakini watengenezaji wengi wa simu za MediaTek hawakuyatoa, au waliyatoa nusunusu. Bila maandishi hayo huwezi kujenga keneli yako ya kupunguza joto au kuokoa chaji, na huwezi kuleta Android mpya kwa uhakika. Kwa hiyo vijana walifanya ujanja mwingine. Walichukua romu ya simu nyingine yenye prosesa ileile, wakaitoa keneli yake na kuweka ya simu waliyonayo, kisha wakaanza kutibu kilichoharibika: kamera leo, redio kesho, laini ya pili keshokutwa. Matokeo yake ni simu yenye sura mpya na Android ileile. Nyingi ya zile zilizotangazwa kuwa romu mpya za Tecno zilikuwa rangi tu.

Kwenye SP Flash Tool kuna chaguo moja la kuogopwa, la kufuta kila kitu kabla ya kupandikiza. Linafuta hata sehemu inayohifadhi IMEI, ile namba ya utambulisho unayoiona ukibonyeza *#06#. Zamani mtu angeweza kupuuza. Usiku wa Juni 16, 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia nchi nzima kwa kutumia rejesta ya namba hizo, kupuuza huko kukawa na gharama. Kenya ilikuwa imefanya hivyo tangu mwisho wa Septemba 2012. Kwetu kabla ya siku hiyo watu walituma namba zao kwenda 15090 kujua hatima yao. Simu halali iliyoflashiwa ovyo ikapoteza IMEI yake ilijikuta kundi moja na feki, na kubadili namba hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Fundi mwenye akili alianza kunakili sehemu hiyo kabla ya kugusa chochote.

Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 kuna kazi nyingine, na Januari ndiyo msimu wake, watoto wakisharudi Dar. Mazungumzo huwa yaleyale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii simu inaniuliza barua pepe."

"Ni ya nani, mama?"

"Ya mtoto, alinipa Krismasi. Kabla ya kunipa aliifuta yote, akasema ni safi."

Aliifuta bila kuondoa akaunti yake ya Google, na simu sasa inamdai mama nywila asiyoijua. Ulinzi huo ulibuniwa kuwakomoa wezi. Fundi mwaminifu humwambia mama apige simu Dar kwanza. Wapo wasiouliza, na hao ndio wanaofanya kazi nzima ionekane ya kihuni.

CyanogenMod iligeuka kampuni mwaka 2013, ikagombana ndani kwa ndani, ikazima mitambo yake mwisho wa Desemba 2016. Waliobaki wakaendelea kwa jina la LineageOS, ambayo ipo hadi leo. Orodha yake imejaa Pixel, OnePlus, Xiaomi na Motorola, na zile tunazonunua sisi utazitafuta kwa tochi. Nafuu kwetu ilitoka kwingine. Android 8 ya mwaka 2017 ilitenganisha mfumo na sehemu za mtengenezaji, mradi ulioitwa Treble, na tangu hapo romu moja ya jumla inaweza kuwaka kwenye simu za makampuni tofauti bila kusubiri maandishi ya keneli. Tecno na Infinix za baada ya hapo zimeonja Android ambazo kiwanda hakikuzileta.

Kwa upande mwingine milango inafungwa. Ili upandikize romu lazima ufungue butiloda, programu ya kwanza kuamka simu inapowashwa, na Huawei iliacha kutoa namba za kuifungulia mwaka 2018. Samsung tangu 2013 iliweka fyuzi ndani ya simu zake kubwa ambayo ikishaungua kwa romu isiyo rasmi haiponi. Programu nyingi za benki huigomea simu iliyofunguliwa. Anayeanza, ambaye mshahara wake unapita kwenye programu ya namna hiyo, ningemshauri aiache simu yake ya kila siku na ajifunzie kwenye ile ya kabatini. M-Pesa ya *150*00# haimuulizi mtu Android yake. Na kabla ya yote aisome namba kamili ya modeli nyuma ya betri au kwenye mipangilio, maana simu mbili zenye jina moja dukani zinaweza kuwa na vyuma tofauti ndani, na romu ya moja ikaiua nyingine. Kisha anakili picha zake na IMEI, achaji vya kutosha, na ahakikishe ana faili la mfumo wa awali la kurudia. Asiye na faili hilo hajawa tayari, hata kama keneli anayoitaka inasifiwa kiasi gani.

Tangu Juni 20, 2025, Umoja wa Ulaya unawalazimisha wanaouza simu huko kuendelea kutoa masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuuzwa. Google na Samsung zilikuwa zimetangulia kwa kuahidi miaka saba, Pixel 8 mwaka 2023 na Galaxy S24 mwaka 2024, zote simu za bei ya pikipiki. Simu inayouzwa Kariakoo haimo katika sheria hiyo.