Kineno Kilichokosekana: Kusoma Mapatano ya Waarabu na Waisraeli

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoeshwa kuusifu utata. Shairi likibeba maana mbili tunalishangilia, tunaliandikia makala, na alama tunapata. Katika makala hii nakusudia kuutazama utata wa aina nyingine, ule uliomo katika hati za amani za Waarabu na Waisraeli. Najua wapo watakaoguna: hizo si fasihi bwana, waachie watu wa siasa. Kwa heshima zote, sikubaliani nao. Hati hizo ni matini. Zilitungwa na watu waliopima kila neno, na tofauti za usomaji wake zimegharimu roho za watu.

Tuanzie tarehe 2 Novemba 1917. Tamko la Arthur Balfour, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, ni sentensi moja tu. Linaunga mkono kuanzishwa kwa makao ya kitaifa ya Wayahudi katika Palestina. Si dola, makao. Waarabu, ambao wakati ule walikuwa takriban asilimia 90 ya wakazi, hawatajwi kwa jina lao. Wanaitwa jamii zisizo za Kiyahudi. Hata mhakiki wa mwaka wa kwanza angeuliza: mbona mhusika huyu anaelezwa kwa kile asichokuwa? (Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyowahi, mwaka 1903, kuwapa Wazayoni ahadi ya ardhi huku kwetu. Mpango ukaitwa wa Uganda, kumbe ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, ambayo leo iko Kenya. Majina ya watu na mahali hayakuwa yakiwasumbua sana.)

Ya 1947 hadi 1949 yanajulikana, sitayarefusha. Umoja wa Mataifa ulipiga kura ya kuigawa Palestina, 33 kwa 13. Viongozi wa Kiyahudi wakakubali, Waarabu wakakataa, Israeli ikatangazwa Mei 1948, vita vikapiganwa, na Wapalestina wapatao 700,000 wakapoteza makwao. Ralph Bunche akasimamia mikataba ya kusimamisha vita. Ule wa Misri na Israeli ulisema waziwazi kwamba mstari uliochorwa usichukuliwe kuwa mpaka. Yaani mstari upo, mpaka haupo.

Sasa tufike kwenye kiini. Juni 1967, kwa siku sita, Israeli iliteka Sinai, Ukanda wa Gaza, Ukingo wa Magharibi pamoja na Yerusalemu ya Mashariki, na milima ya Golan. Tarehe 22 Novemba mwaka huo Baraza la Usalama likapitisha Azimio 242 kwa kauli moja. Azimio linataka majeshi ya Israeli yaondoke katika maeneo yaliyotekwa. Lakini ni maeneo yapi? Kwa Kiingereza kineno "the" hakikuwekwa mbele ya neno "territories". Israeli ikasoma: baadhi ya maeneo. Matini ya Kifaransa yanasema "des territoires", na Waarabu wakasoma: yote. Haikuwa bahati mbaya. Rasimu ililetwa na Uingereza kupitia Lord Caradon, na mapendekezo yaliyotaja waziwazi maeneo yote hayakupita. Bila pengo lile kura zile 15 zisingepatikana.

Hebu jaribu kulitafsiri kwa Kiswahili. Lugha yetu haina kineno cha namna hiyo. Ukiandika "katika maeneo yaliyotekwa", msikilizaji wa kawaida ataelewa kuwa ni hayo yote. Ukitaka asielewe hivyo, itakubidi useme "baadhi". Mfasiri wa Kiswahili hana pa kujificha. Lazima achague upande, jambo ambalo wanadiplomasia wa New York walifanikiwa kulikwepa. Na Wapalestina je? Hawamo. Lipo tatizo la wakimbizi tu, wakimbizi wasio na jina.

Mtindo huu ulifika kilele Camp David, Septemba 1978. Sadat, Begin na Carter walikaa huko siku 13. Katika barua iliyoambatanishwa, Carter aliandika kwamba ameelewa kuwa kila panapotajwa Wapalestina, Begin atasoma Waarabu wa Palestina, na kwamba Ukingo wa Magharibi serikali yake itausoma Yudea na Samaria. Nimesoma riwaya nyingi. Sijaona msomaji aliyepewa ruhusa ya maandishi kuisoma kazi nyingine ndani ya kazi ile ile.

Hata hivyo, sehemu ya Misri ilifaulu. Mkataba wa Machi 1979 ulikuwa na ramani, hatua na tarehe, na kufikia Aprili 1982 Sinai ilikuwa imerudishwa. Sadat aliuawa na wanajeshi wake Oktoba 1981, lakini mkataba haukufa naye. Je, ni ufasaha wa maneno uliouokoa? Kwa kiasi, ndiyo. Lakini tusijidanganye: Sinai ilirudishwa kwa dola ambayo tayari ilikuwapo. Swali la nani ni mwenyeji halikuwa mezani.

Mwaka 1993 lilikuwa mezani. Katika barua za tarehe 9 Septemba, Arafat aliitambua haki ya Israeli kuwapo kwa amani na usalama. Rabin naye aliitambua PLO kuwa mwakilishi wa watu wa Palestina. Ziweke barua hizo sambamba, kama tunavyolinganisha beti mbili, utaona vina havilingani: mmoja ametambua dola, mwingine ametambua mjumbe. Yerusalemu, wakimbizi, makazi ya walowezi na mipaka viliahirishwa. Rabin akauawa na Mwisraeli mwenzake tarehe 4 Novemba 1995, ujenzi wa makazi ukaendelea, na mazungumzo ya Julai 2000 yakavunjika.

Baraza la Usalama lenyewe lilitaja dola mbili kwa mara ya kwanza katika Azimio 1397 la Machi 2002, miaka 34 na ushei baada ya lile la 242. Oktoba 2023 waliuawa Israeli watu wapatao 1,200, na katika vita vilivyofuata Gaza wakauawa makumi ya maelfu. Azimio 2803 la Novemba 2025 likafuatia. Humo dola ya Palestina imetajwa. Hali za kuielekea, linasema azimio, "huenda" zikapatikana.